Mteremko Ambao Mama Hakunionyesha

Mama alizikwa mwezi wa tisa, wakati miyombo imeshatoa majani mapya na mvua bado haijaanza. Majani hayo huanza mekundu. Mgeni akisimama barabarani Makere akatazama ng'ambo ya bonde, anaweza kudhani msitu unaungua bila moshi. Sisi tuliozaliwa pale hatusimami kutazama. Mwaka ule nilitazama sana, maana mtu aliyefiwa hajui pa kuyaweka macho yake.

Siku ya tatu ya msiba nilikuwa nimekaa mkekani na wifi yangu, mke wa mdogo wangu wa kiume. Asubuhi za kwetu zina baridi, tulikuwa tumejifunika miguu kwa kanga moja. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima ambaye alikuja kila siku na hakuondoka bila kula, akamgeukia wifi.

"Sasa ule uyoga wa marehemu, ndiyo basi tena?"

"Siyo basi," wifi akasema. "Nitauleta mimi. Alinionyesha."

"Afadhali," jirani akasema, akaendelea na chai yake.

Niliondoa miguu yangu chini ya ile kanga. Nilikuwa nimelia siku mbili mfululizo. Kuanzia pale sikulia tena, na watu wakasema dada mkubwa ameanza kupoa. Sikuwa nimepoa. Nilikuwa nimeshikwa na wivu, kwenye msiba wa mama yangu mzazi, na nilikuwa na umri wa kuitwa bibi.

Lazima nieleze habari ya uyoga huo. Uyoga wa kwetu ni wa aina nyingi. Ule wa kwenye vichuguu kila mtu anauona, anayewahi ndiye anayechukua. Lakini upo mwingine wa rangi ya kiini cha yai la kienyeji, ambao mdomo wake umefunuka kama tarumbeta. Huo huota chini ya miyombo, mahali palepale kila mwaka mvua ikishakolea. Kwa wanawake wa upande wetu mahali hapo ni siri. Hupaulizi, wala humfuati mwenzako. Ukikutana na mwanamke alfajiri ana kikapu na kisu, ukimwuliza anakwenda wapi, atasema, "Kuni." Na wewe utasema, "Haya, kuni njema," ingawa unajua hakuna kuni zinazokatwa kwa kisu cha jikoni.

Na anayeonyeshwa mahali hapo si binti. Ni mkamwana. Binti ataolewa, ataondoka, na akienda atawaonyesha wa kwa mumewe, halafu siku moja utakuta wageni wameinama kwenye mteremko wako. Mke wa mwanao ndiye amekuja kukaa. Yeye ndiye wa kuonyeshwa.

Nilikua nikiijua mila hiyo na haikunikera. Mila ni rahisi kuikubali wakati bado haijamtaja mtu. Nilipokuwa mtoto nilikwenda na mama mara nyingi. Tulitoka nyumbani kupitia migombani, tukapita shamba la mihogo, tukashuka hadi bondeni ambako mto ni mdogo lakini matope yake ni ya kweli. Tulivuka juu ya magogo mawili. Mama alivuka bila kutazama chini, mimi nikishika upindo wa kanga yake. Kisha kilima kinaanza, mawe mekundu yenye matundu matundu, na baada ya mawe ni misuku, ile miti ya matunda ya porini, na baada ya misuku ndipo miyombo yenyewe, na mizinga ya magome ikining'inia juu.

Hapo kwenye misuku alikuwa ananiacha. "Okota kuni," ananiambia. "Usiondoke." Halafu anaingia msituni, leo upande huu, kesho upande ule, ili nisijue. Nilikuwa natega sikio nisikie kukohoa kwake. Alikuwa na kikohozi kifupi kila akiinama. Nilikisikia kulia, kisha kushoto, kisha nisikisikie kabisa. Alirudi na kikapu kimefunikwa majani mabichi, magoti yana udongo.

Siku moja nikamwuliza kwa nini haniruhusu kwenda naye.

"Wewe ni wa kwenda," akasema.

"Kwenda wapi?"

"Kwenu."

"Kwetu si hapa, mama?"

Alicheka mpaka akaweka kikapu chini. Mimi sikuona cha kuchekesha. Baadaye nilimaliza darasa la saba, nikaolewa Kibondo, na kweli nikawa wa kwenda. Nina watoto huko, na napika chai na maandazi jirani na stendi. Kila nilipokuja kusalimia nilipakiwa uyoga uliokaushwa kwenye mfuko, nami nikawaambia watu wa Kibondo kwa majivuno, "Huu ni wa mama."

Kuhusu wifi. Alitoka Kasulu mjini, kwa watu wa maduka. Mwaka wa kwanza alizama bondeni hadi magotini, akasimama pale analia na kiatu kimoja mkononi, na mimi nilikuwepo, ndiye niliyemvuta. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika jembe bila kupata malengelenge. Aliogopa viwavi. Aliogopa nyuki hata wakiwa mbali. Nikiwa pale mkekani niliyakumbuka yote hayo na kuyapanga moja baada ya jingine, kama mtu anayeandaa kesi. Huyu ndiye aliyeonyeshwa.

Matanga yalipokwisha wengine wakarudi makwao. Mimi nilibaki. Nilimwambia mume wangu kwa simu kwamba nasaidia kupanda maharage.

"Maharage gani hayo yanapandwa mwezi mzima?" akauliza.

"Shamba ni kubwa."

"Hilo shamba nalijua. Nilijibanza humo nikikuposa. Si kubwa."

Ukweli ni kwamba nilikuwa nasubiri mvua. Nilitaka wifi aende, nami nimfuate.

Mvua ilikuja, kwanza ya kutishia, kisha ya kweli. Majani mekundu yakawa ya kijani, nyasi zikasimama, bonde likajaa vyura. Baada ya wiki kadhaa wanawake wakaanza kuonekana na vikapu. Wifi hakuwa na haraka. Alifua, akapalilia, akawapeleka kuku wake kwenye jua. Nilimtazama kila asubuhi jinsi alivyojifunga kanga. Siku alipoifunga kwa kukaza, na kisu kikachomekwa kiunoni, nilijua.

"Unakwenda wapi, wifi?" nikamwuliza.

"Kuni."

"Haya. Kuni njema."

Nilimwacha afike migombani ndipo nikatoka. Kulikuwa na ukungu ule wa asubuhi ambao unaona miguu ya mtu kabla ya kichwa. Niliona kanga yake ya kijani kwenye mihogo. Niliiona kwenye magogo. Mimi nilipofika kwenye magogo nilivuka kwa kukaa na kujisogeza kwa makalio, maana miaka ya Kibondo imenipa mwili. Juu kwenye mawe nilikuwa nahema, nikajizuia nisiheme kwa sauti.

Aliipita misuku bila kusimama. Nami nikaipita. Nilikuwa na miaka mingi lakini sikuwahi kuingia msituni upande ule bila kuambiwa subiri. Ndani kulikuwa na mwanga mzuri. Miyombo haizibi jua kama msitu wa mtoni, inalipunguza tu, kwa hiyo chini panaota maua, yale ya njano ya ardhini na mengine ya zambarau yenye shina jembamba. Majani makavu yalikuwa yamelowa, hayakulia chini ya mguu. Mtu angeweza kutembea pale siku nzima kwa raha. Mimi sikuwa na raha. Nilikuwa naangalia kanga ya kijani.

Wifi alikwenda kaskazini mpaka kwenye mwamba ulio wazi ambapo unaona milima ya upande wa Burundi. Akageuka. Akateremka kwenye kijito, akakipanda, akakiruka. Akapita chini ya mizinga. Akazunguka kichuguu kikubwa kama nyumba, na nina hakika alikizunguka mara mbili. Jua lilipanda. Ukungu ulikwisha. Hakuinama hata mara moja. Viatu vyangu vya plastiki vilianza kunikata nyuma.

Mwishowe nikatokea penye uwazi mdogo, nikamkuta amekaa juu ya gogo, anakula tunda la msuku lililokauka, kikapu kitupu miguuni.

"Wifi," akasema, "miguu haikuumi?"

Nilivua kiatu kimoja.

"Kaa basi. Tangu bondeni nakusikia unahema. Nikasema, huyu ni nguruwe pori au ni dada yake mume wangu."

"Nionyeshe," nikasema.

"Sitakuonyesha."

"Mimi ndiye binti."

"Ndiyo sababu." Alitema mbegu. "Mama alisema nisimwonyeshe mtu anayelala kwenye nyumba nyingine. Nikuonyeshe wewe, kesho nimkute mumeo ameinama huku na shati lake la mikono mirefu?"

"Wewe ulikuja hapa na begi moja, unalilia kiatu."

"Na wewe uliondoka na masanduku mawili, unacheka. Nilisimuliwa." Akasimama, akajipangusa. "Aliyecheka ni nani, na aliyebaki kumwogesha ni nani? Twende nyumbani, nina mahindi jikoni."

Tulirudi, yeye mbele. Njiani tulikutana na yule jirani wa msibani, akatutazama sisi wawili na kikapu kitupu, akasema, "Mbona kuni za leo nyepesi?" Wifi akacheka. Mimi nilitembea kama sijasikia.

Sikulala vizuri, lakini si hilo ninalotaka kulisema. Ninachotaka kusema ni kwamba nilipolala nilikuwa nautembea ule msitu upya kichwani, na nikagundua jambo. Wifi alinizungusha kila mahali. Alinipeleka kaskazini, kijitoni, mizingani, kwenye kichuguu. Mahali pamoja tu hakunipeleka: mteremko unaotazama mawio, nyuma ya ule mwamba. Mara tatu tuliukaribia na mara tatu alipinda. Mtu anayeficha kitu hakikanyagi.

Siku mbili baadaye wifi alikwenda Kasulu kumpeleka mtoto wake kliniki. Alipanda bodaboda hadi barabarani kusubiri gari. Nilichukua gunia, si kikapu. Nilichukua kijembe kidogo cha kupalilia, si kisu. Sijui nilikuwa nawaza nini, au nadhani najua.

Niliupata. Niliteremka hatua kama thelathini kutoka kwenye mwamba, nikadhani nimekosea, kisha nikaona rangi. Kwanza mahali pamoja, halafu jicho lilipozoea ikawa kila mahali, chini ya miti, kwenye mizizi, mistari mizima ya njano iliyokolea inashuka na mteremko mpaka inapotea kwenye nyasi. Kulikuwa na harufu tamu, kama ya tunda lililoiva ndani ya kabati. Palikuwa pametunzwa. Matawi yaliyoanguka yalikuwa yamesogezwa pembeni. Mahali palipokatwa mwaka uliopita palifunikwa majani kwa mkono, unaweza kuona. Mama alikuwa amepita pale, na wifi nyuma yake.

Ningeweza kukaa nikalia. Ningeweza kukata mmoja nikaondoka. Nilichofanya ni kung'oa. Niling'oa mkubwa na mdogo, na ule mdogo kabisa ambao bado ni kichwa cha njiti, niliuchimbua kwa kijembe pamoja na udongo. Nilifukua majani aliyoyafunika mama. Nilikuwa nasema kwa sauti, peke yangu msituni, "Na huu. Na huu. Na huu." Nikifika kwenye mti nazunguka mti. Nililijaza gunia mpaka nikashindwa kulifunga. Nilipotazama nyuma, upande wote wa chini ulikuwa mweusi kama uwanja uliopekuliwa na kuku.

Hapo ndipo nilipoona upumbavu wangu, na haukuwa upumbavu mmoja. Gunia lile sikuweza kulipeleka nyumbani. Wifi angelitazama mara moja tu akajua. Sikuweza kulipeleka gulioni Makere, kila mtu angeuliza mtu wa Kibondo ameutoa wapi. Uyoga ni mzito ukiwa umelowa. Niliuburuta hadi migombani, nikaufunika kwa majani makavu ya mgomba nikisema nitautafutia njia kesho. Kesho mvua ilinyesha kutwa. Keshokutwa nilipofunua, ulikuwa umelainika umekuwa uji wa kahawia, na funza wanatembea. Niliuzika kwenye shimo la mbolea. Uyoga wote wa mama wa mwaka huo, na hakuna hata mtu mmoja aliyeuonja.

Wifi alikwenda mteremkoni siku ya tatu. Alirudi mapema, kikapu kitupu, akaingia jikoni, akawasha moto. Nilikaa uani nachambua maharage, nikisubiri kelele. Hazikuja. Alitoka akaniuliza kama nimeona mwiko. Nikamwambia uko pale. Akauchukua.

Jumapili hiyo tulikula mchana ndani kwa sababu ya mvua. Ugali wa muhogo, na maharage kwa mawese. Mdogo wangu alifinyanga tonge akalitazama.

"Vipi, uyoga wa mama mwaka huu hatuli?"

"Haukuota vizuri," wifi akasema.

"Na mvua yote hii?"

"Uyoga haulazimishwi. Kula."

Alisema uongo huo bila kunitazama. Kama angenitazama ningenyamaza, ningemwacha abebe. Lakini kule kutonitazama kulinifanya nihisi mdogo kuliko mtoto aliyekuwa pale mkekani na mdomo wenye mawese. Nikasema, "Uliota. Niliung'oa mimi."

Mdogo wangu akaweka tonge chini. "Wote?"

"Wote."

"Uko wapi?"

"Umeoza. Niliuficha migombani."

"Dada," akasema, "si bora hata ungekula!" Kisha akainuka akaenda kusimama barazani na mvua yake.

Tukabaki wawili na mtoto. Wifi alikusanya vyombo, akavirundika kwenye beseni, akakaa tena. Nilidhani atanitukana na nilikuwa tayari.

"Unadhani alinionyesha kwa kunipenda?" akasema. "Mama alikuwa haoni."

Nikamwambia hilo si kweli. Miaka hiyo sikufika nyumbani, lakini nilikuwa nampigia simu kila Jumapili. Nilimwuliza habari ya macho, akaniambia anaona mpaka Burundi.

"Alikuwa anakwambia hivyo ameshika simu kichwa chini miguu juu, mimi ndiye ninayemgeuzia. Mvua tatu, wifi. Mvua tatu alikuwa haoni. Mwaka wa kwanza alikwenda peke yake akarudi na kikapu kimejaa majani makavu. Ameyakata vizuri, ameyafunika vizuri. Akanikabidhi nipike. Nikayamwaga kimyakimya, nikapika dagaa, nikamwambia uyoga tumeukausha. Mwaka uliofuata akasema, twende wote. Akanishika bega. Njia anaijua kwa miguu, hata magogo anayavuka, ila kule juu hauoni uyoga. Mimi ndiye nilikuwa macho yake. Angekuwa anaona, wifi, mpaka leo nisingejua hata upande."

"Kwa nini sikuambiwa?"

"Alikataza. Alisema ukijua utakuja kumchukua, umpeleke Kibondo ukamkalishe kwenye kiti."

Na ningemchukua kweli. Ningekuja siku hiyohiyo. Kiti chenyewe nilikuwa ninacho, kile cha plastiki chenye mikono, ningemweka mlangoni akasikilize mabasi. Aliona hayo yote bila macho, akachagua kukaa gizani karibu na mteremko wake kuliko kukaa kwangu.

Wivu wangu ulitoka kwa wifi pale pale, nikausikia unatoka, na nilifurahi kwa muda wa kumeza mate. Ulikuwa unahama tu. Ukaenda kwenye ule mteremko. Nilikuwa nauonea wivu udongo na miti, kitu ambacho hata hakimjui mama. Nikaelewa pia nilichokuwa nakifanya kule na kijembe, na sikuwa na hamu tena ya kula wala ya kujitetea.

"Utaota tena?" nikauliza.

"Sijui. Mimi si mtu wa huku, si ulisema?" Akabeba beseni. Mlangoni akageuka. "Rudi kwa mumeo. Maharage yameshaota."

Nikarudi. Kwa mwaka mzima hatukupigiana simu, mimi na yeye. Salamu zilipita kwa mdogo wangu. Nilikuwa nikimimina chai kwenye vikombe vya watu wa stendi naona ule weusi wa chini ya miti. Wateja wakiniuliza kama kuna uyoga wa mama mwaka huu, nilisema mama amekufa, na hawakuuliza tena.

Mvua zilipokolea tena, simu iliita asubuhi. Ilikuwa namba ya mdogo wangu lakini sauti ilikuwa ya wifi.

"Unakuja au huji?"

"Kufanya nini?"

"Kuona ulichofanya."

Nilishuka Makere siku ya pili yake. Hakunipikia chai, alikuwa ameshajifunga. Tulipita migombani, na mihogoni, na bondeni. Kwenye magogo alinisubiri nivuke kwa namna yangu na hakusema neno la nguruwe pori. Kwenye misuku hakupunguza mwendo. Tulipanda mpaka kwenye mwamba, milima ya mbali ikiwa imeoshwa na mvua, tukashuka.

Upande wa chini, kule nilikochimbua, hapakuwa na kitu. Nyasi ndogo zilikuwa zimeanza. Upande wa juu, ambako niling'oa kwa mkono bila kuchimbua, njano ilikuwepo, kidogo, imetawanyika, kama watu waliowahi kwenye kikao ambacho wengine hawatakuja. Wifi alisimama akitazama chini muda mrefu kuliko nilivyotaka.

Kisha akapiga magoti. Hakukata kwanza. Aliingiza kiganja chini ya majani, akapapasa taratibu, kidole gumba kikapita kwenye ukingo wa uyoga kikizunguka, ndipo akaleta kisu kwa mkono wa pili, akakata juu ya udongo, akarudisha majani, akayabonyeza.

"Mbona unapapasa," nikasema, "na wewe unaona?"

"Ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Mimi naushika mkono wake, yeye anapapasa. Sijui njia nyingine."

Niliutazama mkono ule. Ulikuwa mkono wa wifi, wenye kovu la mafuta ya moto na pete iliyopauka, lakini mwendo haukuwa wake. Mama yangu aliishi muda mrefu na mimi sikuwahi kumwona akikata uyoga hata mara moja. Nilikuwa nimeletewa tu. Mwendo huo sasa ulikuwa mahali pamoja duniani, kwenye mkono wa mtoto wa watu wa maduka, na hakuna mtu angeweza kunigawia.

"Kata wewe," akasema, akanipa kisu.

Nilikata vibaya. Nilivuta kabla ya kukata. Akanipiga kofi mkononi, si la mzaha. "Unavuta! Kwani ni karanga?" Nikakata mwingine. Akanyamaza. Tuliuacha mwingi kuliko tuliouchukua, na wa chini ya mti wa mwisho hakuniruhusu hata kuusogelea.

Mtu akiniuliza kama nimeacha wivu, siwezi kudanganya. Wifi ana mvua tatu za mama ambazo mimi sina, na zile mbili za mwisho alitembea na mkono wake begani. Kila nikimwona akifunga kanga naliangalia bega hilo. Yeye analijua hilo, na bega halifichi wala hanisogezei.

Tulipomaliza alinikabidhi kikapu, akaniambia nitangulie. Nilidhani ananitania, akabaki amesimama. Nikatangulia. Nilipotea mara mbili kati ya mwamba na misuku, mara ya kwanza nikaelekea kwenye kijito, mara ya pili nikarudi penye kichuguu, na mara zote mbili alikuja nyuma yangu kimya, akisimama niliposimama, mpaka nilipoiona njia mwenyewe.